Kopo la Dawa Chini ya Kitanda

Ufunguo wa chumba Somoe aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, ndani ya shati la shule. Saa tisa alasiri, alipofika nyumbani, ulikuwa umeshapata joto la mwili wake. Alifungua kufuli, akavua viatu, akasema, "Hodi!"

Alijua hakuna wa kumwitikia. Aliisema kwa mazoea tu.

Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa: wali na mchuzi wa nguru, umepoa. Mama yake, Habiba, alikuwa ameondoka saa saba kwenda hotelini, ambako alifua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Angerudi saa tatu usiku, mikono imevimba kwa sabuni, aulize, "Umekula?" kisha alale kabla hajasikia jibu.

Somoe alikula akitazama ukuta. Miono, kijijini kwa bibi yake, walikuwa wakila kwenye sinia moja, watoto saba, mikono ikigongana na kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwa kuchukua kipande kikubwa. Huu ulikuwa mwaka wa kwanza tangu Somoe aliache sinia lile. Mama alipopata kazi Bagamoyo, walihamia mjini wawili tu. Hapa sahani ilikuwa moja na mkono mmoja.

Kulikuwa na siku tatu tu mjini ambazo Somoe hakuwa peke yake. Ni siku alizougua malaria.

Mama alimpeleka zahanati wakati huo akitumia kadi ya bima ya afya. Hoteli iliwakatia bima wafanyakazi wake pamoja na watoto wao. Nusu ya gharama ililipwa na hoteli, nusu ilikatwa kwenye mshahara. Muuguzi Kuruthumu, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimchoma sindano na kumwita "mwanangu." Waliporudi nyumbani, watu wakaanza kuja kumtazama mgonjwa, kama ilivyo ada ya pwani. Bi Tatu, jirani wa mlango wa pili, alileta uji wa mchele wenye tui zito. Wanawake walikaa mkekani wakimpa pole na kusimulia malaria zao wenyewe. Wanafunzi wenzake walileta machungwa. Hata mama alipewa ruhusa kazini.

Siku ya nne Somoe alipona. Mkeka ukakunjwa. Saa tisa alasiri akasema "Hodi," na nyumba ikanyamaza.

Wiki mbili baadaye, Somoe aliitoa kadi kwenye kabati, akaenda zahanati peke yake. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa mapokezi kwamba kazi yake ni ya zamu, hivyo mtoto akizidiwa wampokee.

"Leo nini tena, mwanangu?" Muuguzi Kuruthumu aliuliza.

"Tumbo," Somoe alisema.

Tumbo halikuwa na neno. Lakini pale kwenye benchi mzee mmoja alimsogelea, akasema, "Pole, mjukuu wangu." Mama mwenye kichanga naye akasema, "Pole sana. Umekuja na nani?" Muuguzi akamshika kipaji cha uso kwa mkono wake wa baridi. Somoe alirudi nyumbani na pole mbili na bahasha ya dawa. Bahasha aliitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, akalisukuma chini ya kitanda. Pole alibaki nazo moyoni mpaka zilipokwisha. Zilipokwisha, alirudi tena.

Mara ya pili ilikuwa kichwa. Mara ya tatu, kifua. Mara ya tano hata darasani walishajua.

"Somoe, leo zamu ya nini?" Feisal, aliyekaa dawati la nyuma, aliuliza kwa sauti. "Tumbo lilikuwa Jumatatu, mguu Alhamisi. Leo si itakuwa kucha?"

Darasa likacheka. Somoe naye alicheka kidogo, kwa kuwa kuchekwa nako ni aina ya kusemeshwa.

Ilipita miezi sita. Siku moja alirudi kutoka shule akakuta mlango uko wazi. Moyo ulimruka kwa furaha. Mama yupo! Lakini mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazi, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Somoe, kadi yetu ya bima umewahi kumpa mtu?"

"Hapana, mama."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilitoka upesi.

"Nimepewa barua ya kujieleza," mama alisema. "Kampuni ya bima imepandisha bei, maana mwaka huu tumekwenda sana hospitali. Mwenye hoteli anasema hamudu. Anataka watoto wote watolewe, wabaki wafanyakazi peke yao. Basi wamechungulia orodha, nani amekwenda mara ngapi. Wengine mara mbili, mara tatu. Jina lako mara kumi na nne. Kumi na nne, Somoe! Bwana Ridhiwani wa ofisi ya utumishi anasema naazimisha kadi mtaani. Nisipokuwa na maelezo kufikia kesho, nafukuzwa."

Somoe alitazama kawa mezani.

"Na wenzangu wamenigeuka," mama aliendelea. "Dadi, yule mtunza bustani, mwanawe ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Kila mwezi lazima aende kliniki. Leo amenipita kama hanioni. Mimi, ambaye Bi Tatu aliponiomba kadi kwa ajili ya mjukuu wake nilimkatalia, nikamwambia ina jina la mtu, si mwamvuli wa kuazimana! Tangu siku hiyo mwenzangu haji tena hapa. Nimepoteza jirani kwa kuilinda kadi, na leo naitwa mwizi wa kadi."

Kumbe ndiyo sababu Bi Tatu hakuja tena. Somoe aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alisema, "Pole, mama," na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimchoma ulimi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya Jumamosi. Mama alivaa buibui lake la kutokea, akaikunja barua ile, ambayo hakuwa ameijibu hata neno moja. Alikwenda mlangoni, akashika kitasa, kisha akasimama. Somoe aliyaona mabega yake yakitikisika. Mama hakupenda kulia mbele ya mtoto, kwa hiyo alililia mlango.

Somoe aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akalivuta kopo.

"Mama, usiende peke yako."

Alimimina. Bahasha zilitawanyika mkekani, zote zimefungwa vilevile, kila moja imeandikwa jina lake na tarehe. Mama alichuchumaa, akaokota moja, akaokota nyingine.

"Hukunywa hata moja?"

"Sikuwa naumwa."

"Sasa ulikuwa unakwenda kufanya nini?"

Machozi yalimtangulia Somoe. "Pale watu wananiuliza nina nini. Nilipougua, walikuja wote, hata wewe ulikaa. Nilipopona mliondoka."

Mama alikaa chini kabisa. Akazipanga bahasha na kuzipangua.

"Mbona hukuniambia?"

"Unarudi umechoka."

"Uchovu wangu ni wangu," mama alisema taratibu. "Haukupaswa kuwa kufuli ya mdomo wako. Kwa kudanganya umekosa, Somoe, tena kosa kubwa. Hayo mengine nimekosa mimi. Vaa buibui, twende."

Ofisi ya Bwana Ridhiwani ilikuwa nyuma ya jiko la hoteli. Alikuwa mwembamba, miwani imeshuka puani, na hakutarajia kumwona mtoto.

"Shikamoo," Somoe alisema. "Mama hakumpa mtu kadi. Nilikwenda mimi mwenyewe mara zote, na nilisema uongo."

"Watoto hufundishwa ya kusema," Bwana Ridhiwani alijibu, akimtazama mama.

Somoe aliliweka kopo mezani. "Dawa hizi hapa. Kama kuna mtu aliyeazima kadi, angezinywa."

Bwana Ridhiwani aliitoa orodha yake. Alilinganisha tarehe za bahasha na za karatasi, moja baada ya nyingine, kidole kikishuka polepole. Kisha alimpigia Muuguzi Kuruthumu simu. Somoe aliisikia sauti ile ya upole ikisema kwamba mtoto ni yuleyule kila mara, vipimo safi kila mara, na kwamba lawama nyingine ni ya zahanati, kwa kuwa walipaswa kumwita mzazi mapema.

Alipokata simu, alivua miwani. "Bi Habiba, barua hii naichana. Lakini wewe, binti, keti. Unajua upatu?"

"Naujua. Mama anacheza na wenzake."

"Katika upatu kila mtu hutoa, na kila mtu hupokea zamu yake. Wafanyakazi wetu wengi wanadhani bima ni hivyohivyo: nimekatwa mshahara, basi lazima niende nikachukue chochote, japo vitamini. La. Bima heri utoe, usipokee. Ukikaa mwaka mzima hujapokea, umepata afya, na fungu lako limemtibu mtoto wa Dadi. Kila ulipokwenda bure, ulimpunguzia yeye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nisamehe."

"Kamwombe Dadi."

Dadi alikuwa akikata majani kando ya uzio. Alimsikiliza Somoe mpaka mwisho, panga likining'inia mkononi, kisha akasema tu, "Mwanangu ana umri wako. Kliniki haipendi hata kidogo." Akarudi kwenye kazi yake. Baadaye kidogo aliita, "Bi Habiba! Kesho chai ipo kwangu."

Wiki iliyofuata wafanyakazi walikutana. Walikubaliana kwamba hakuna kuazimana kadi, hakuna kuchukua dawa za kuweka nyumbani, na mtoto asitibiwe kabla mzazi hajapigiwa simu. Bwana Ridhiwani alizipeleka hoja hizo kwa mwenye hoteli na kwa kampuni ya bima. Bei ilipanda, ila kwa kiasi kidogo, na watoto walibaki. Mama alibadilishana zamu na mwenzake, akawa na alasiri mbili za kukaa nyumbani. Zile nyingine Somoe aliendelea kula akitazama ukuta. Upweke haukuondoka mara moja kama homa.

Alhamisi moja, siku ambayo mama alikuwa kazini, alikuwa ndio kwanza amefunua kawa aliposikia mlangoni, "Hodi!"

Aliganda. Kisha akajibu, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyokusudia, "Karibu!"

Alikuwa Muuguzi Kuruthumu, bila sare yake, amevaa kanga. Bi Tatu alikuwa nyuma yake na bakuli la mihogo ya nazi.

"Mama yako alikuja kwangu tukasemezana, yamekwisha," Bi Tatu alisema, akiukunjua mkeka kama mwenyeji.

"Nani anaumwa?" Somoe aliuliza.

"Hakuna," Muuguzi Kuruthumu alisema, akijishusha mkekani kwa kishindo. "Sikiliza, mwanangu. Umedanganya, na umeona uongo ulipotaka kumfikisha mama yako. Ukiwa na njaa, sema njaa. Ukiwa mpweke, sema mpweke, usiuite tumbo, maana sina kidonge cha kutibu jina la uongo. Na sisi wakubwa tumejifunza letu. Tumezoea kwenda kumtazama mgonjwa, mzima tunampita mlangoni. Leo tumekuja kumtazama mzima."

"Basi mzima alete sahani," Bi Tatu alisema. "Au tutakula kwa macho?"

Somoe alikimbilia kabatini. Aliziacha sahani pale zilipo, akatoa sinia.