Koti la Zadock Linarefuka

Milcah alinyoosha mkono kufunga komeo la mlango wa chumba cha kulala, mkono ukagusa ngozi. Alishtuka kidogo, kisha akamwita mumewe.

"Baba Lornah, hii koti si ilikuwa inaishia hapa juu ya komeo?"

Were alikuwa akinyoa ndevu. Hakugeuka. "Msumari umelegea," alisema. "Koti imeshuka."

Msumari haukuwa umelegea. Aliupigilia mwenyewe, na kwa jinsi alivyolipenda lile koti asingelitundika kwenye msumari wa kubahatisha.

Huo ulikuwa mwaka wa 1973. Were alikuwa karani mjini, akiishi Woodley na mkewe na binti yao mdogo, Lornah. Alikuwa pia mmoja wa wale wanaume walioyaenzi makoti ya ngozi ya zamani kuliko walivyowaenzi wakwe zao. Jumapili baada ya kanisa walikutana nje ya mkahawa mmoja River Road, wakikaguana mishono na bitana kama wanunuzi wa ng'ombe. Miaka ya sitini, koti la maana lilikuwa refu, zito, la kahawia, lililoachwa na mzungu aliyefunga virago akarudi kwao, na mikwaruzo yake ndiyo iliyokuwa heshima yenyewe. Kisha mambo yakageuka. Suruali zikapanuka chini, nywele zikafutuka, na koti likatakiwa liishie kiunoni, libane, liwe na kola pana. Waliokuja na marefu wakawa wa kuchekwa, na aliyeongoza kicheko alikuwa Kiragu.

"Hiyo ni koti ama ni blanketi?" Kiragu aliuliza siku Were alipopita pale na koti refu mkononi. "Kata hiyo kitu, Were. Ukikata, hakuna mtu atakufikia hii town."

Lakini koti halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake mkubwa, Zadock, aliyeishi Waithaka na mkewe Naliaka, na ambaye kifua kilikuwa kimemlaza kitandani. Zadock alikuwa amempa alipeleke kwa fundi, bitana ishonwe upya kabla baridi ya Julai haijakaza.

Fundi Wambua alilikunjua mezani, akalipapasa.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Were.

"Mimi nikikata, hairudi."

"Kata."

Likakatwa kiunoni. Kile kipande cha chini Wambua akakifanya mkanda mpana, kwa maana mikanda mipana nayo ilikuwa imeingia. Were alipojitazama kwenye kioo alipendeza mno, na hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alifurahi.

Kila alipokwenda Waithaka, Zadock alikuwa amejikunyata chini ya mablanketi akitetemeka.

"Koti yangu iko wapi, ndugu yangu? Hii baridi inaniingia mpaka kwa mifupa."

"Iko kwa fundi," alijibu Were. "Bado kidogo."

Zadock alikufa akingoja hiyo bado kidogo. Walimzika kwao magharibi, ikabaki siku ya kugawa nguo. Kwa watu wao, nguo ya marehemu haivaliwi na mtu mpaka ukoo uketi, kila nguo itolewe nje ionekane, na atajwe wa kuipokea. Naliaka alikuwa ameshauliza habari za koti. Were alimjibu, bila haya, kwamba liko kwa fundi.

Baada ya koti kulifikia komeo, halikusimama. Liliendelea kushuka, na chumba kikaanza kunuka tumbaku na dawa ya kupaka kifuani. Jioni, familia ikiwa mezani, walisikia ngozi ikilia kule chumbani, kwiu, kwiu, kama inavyolia mtu akigeuka ndani ya koti jipya. Milcah aliacha kuingia humo peke yake.

Kisha Lornah akaanza kutetemeka. Mama yake alimvika sweta mbili, akamkalisha karibu na jiko la makaa, lakini mikono ya mtoto ilibaki baridi na midomo ikawa ya kijivu.

"Unasikia nini, mama?" Milcah alimnong'oneza.

"Baba mkubwa ananikumbatia," alisema Lornah. "Anataka kuota moto."

Were aliingia chumbani na kufunga mlango nyuma yake, akalishika lile koti pale lilipoanzia kurefuka, chini kidogo ya mstari wa mkasi wa Wambua, akahisi kwamba ngozi ile mpya haikuwa ngozi ya ng'ombe wala ya mnyama yeyote aliyewahi kumjua, kwa kuwa ilikuwa laini na yenye unyevu, imejaa vipele vidogovidogo kama ngozi ya mtu aliyesimama kwenye baridi bila nguo, na alipotaka kuuondoa mkono wake, vile vipele vikasinyaa na kusimama tena chini ya vidole vyake. Hapo alilia. Alimweleza Milcah kila kitu, au karibu kila kitu.

"Umeniletea maiti kwa nyumba," alisema Milcah kwa sauti ya chini. "Rudisha hiyo koti kesho."

Jumamosi mchana walifika Waithaka. Naliaka, kwa ombi la Milcah, alikuwa amemwita mzee Isaiah wa kanisa lao, amevaa kanzu nyeupe, na ngoma yake kando. Were alipiga magoti mbele ya shemeji yake akakiri kwamba yeye ndiye aliyelikata. Naliaka hakumtukana. Alilitazama koti tu, machozi yakimtoka.

"Alikuwa anaona baridi, mulamwa," alisema, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao. "Kila siku."

Isaiah alipiga ngoma, akaomba mpaka kanzu ikalowa jasho. Ile ngozi mpya ikakauka mbele ya macho yao, ikapukutika sakafuni kama majivu, likabaki koti fupi lenye mstari wa mkasi.

"Kipande kilichokatwa kiko wapi?" aliuliza Isaiah.

Were aliuhisi mkanda kiunoni, chini ya sweta. Kuutoa pale, mbele ya mjane, aonekane amemvaa marehemu hata katika siku ya kuomba msamaha, kulimshinda.

"Fundi alitupa."

"Kweli, mulamwa?" aliuliza Naliaka.

"Kweli."

Koti waliliacha kwa Naliaka. Jioni ile Lornah aliacha kutetemeka, akala ugali mpaka mama yake akacheka. Were aliufunga mkanda kwenye mgongo wa kiti cha chumbani, akajiahidi kuupeleka Waithaka. Jumapili ilikuwa na kanisa. Jumatatu kulikuwa na kazi. Wiki ikaisha hivyo.

Jumapili iliyofuata, alasiri, harufu ya tumbaku ilimpokea ukumbini. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Lornah alikuwa amesimama kando ya kiti, amevuliwa sweta, midomo ya kijivu. Kitini, kutoka kwenye mkanda kwenda juu, koti lilikuwa limeshaota kiuno, kifua na mabega, lote la ngozi ile yenye vipele, na halikuwa limelegea kama koti tupu. Lilikuwa linapumua. Lilichokosa ni kola tu, na kile kinachokaa juu ya kola.

"Lornah," Were alinong'ona, "toka hapo. Unaongea na nani?"

Mtoto aligeuka polepole.

"Nimemuuliza baba mkubwa kama amemaliza kuvaa," alisema. "Amesema bado kidogo."