Kreta Isiyopewa Jina

Saa ya chakula cha mchana, mji mzima wa Flagstaff ulionekana kutaka pai ya cheri. Verna Tolliver aligeuka kwenye foleni ya mkahawa akapigana vikumbo na mtu ambaye yeye Verna alikuwa akimkwepa wiki nzima: Orrin Haskett, suti ya kahawia, shingoni tai ambayo Verna mwenyewe alimnunulia. Hasira zikampanda hapo hapo.

Wote wawili walikuwa watu wa ofisi ya ramani za Mwezi. Verna alikuwa ametoka kumaliza kuchora kreta moja, shimo kubwa la duara ukingoni mwa Mwezi, yenye kuta zilizoporomoka ngazi kwa ngazi na vilele viwili katikati. Orrin, katibu wa kamati ya majina, alimwahidi kwamba itaitwa Tolliver, kwa heshima ya marehemu baba yake Verna aliyeichungulia kwa darubini maisha yake yote. Kumbe Orrin huyo huyo ndiye aliyelifuta jina lile kwenye orodha ya kamati.

"Verna, mpenzi, nisikilize."

"Mpenzi wako ni kamati. Kaongee nayo."

Foleni ikatega masikio bila haya. Orrin akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kanuni inataka mtu awe amefariki kwa miaka mitatu, na mzee wake Verna hajafikisha hata miwili. Jina likishakataliwa kikaoni, ndiyo basi. Aliliondoa ili kulilinda. Kreta ingebaki hivyo hivyo hadi muda utimie.

Verna alimwamini. Moyo ukamlainika, mkono ukaenda wenyewe kumwekea tai sawa. Kisha ukasita.

"Ulijua lini?"

Orrin akatazama viatu vyake. "Kabla hujaanza kuchora."

"Ukaniacha nichore."

"Hakuna mwenye mkono kama wako. Ungejua, ungeiacha ramani."

"Ningeichora, Orrin. Ila ningejua namchorea nani."

Orrin alipoona mambo yamemwendea kombo, akatoa pete mfukoni, palepale mbele ya sahani za pai. "Tuoane. Jina litakuja tu."

Pete ilikuwa nzuri, na Verna alikuwa bado anampenda. Ndiyo maana alimchukia sana wakati ule.

"Likikubaliwa, niandikie," alisema. "Nitasoma barua hiyo moja."

Akachukua pai yake, akaketi meza ya mwisho kabisa. Alikula yote, machozi yakimtiririka, bila kuinua macho mpaka Orrin alipotoka.