Sauti Nyuma ya Ukuta

Haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili.

Tulimwita Zumari. Kwetu walisema hata akipiga chafya, chafya yenyewe ina tuni. Mwaka ule alijiwekea nadhiri: kila tarehe mosi atoe wimbo mpya, aandike mwenyewe, apige gitaa mwenyewe, arekodi mwenyewe, kwa miezi kumi na miwili. Hakuwa na kampuni wala meneja. Alikodi chumba cha mwisho kwenye nyumba ndefu ya wapangaji, akasimamisha godoro kuukuu mlangoni lizuie kelele, akaning'iniza kipaza sauti kwenye msumari. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza picha ya jalada na kuupakia wimbo mtandaoni. Tulirekodi mchana, wapangaji wakiwa makazini.

Wimbo wa kwanza alimwimbia marehemu bibi yetu. Mama mkubwa aliusikiliza mara tatu mfululizo, nguo alizokuwa akikunja zikabaki mapajani.

Miezi minne ilikwenda vizuri. Wa tano, kisima kikakauka. Siku tatu kabla ya tarehe mosi nilimkuta ameegemeza sikio ukutani, macho ameyafumba.

"Shh," akaninong'oneza. "Jirani anaimba."

Mimi sikusikia kitu. Yeye akachukua gitaa, akaanza kuufuatisha wimbo ule, neno kwa neno. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba nywele zilinisimama. Kumbe zilijua kuliko mimi.

Watu waliupokea kwa kishindo. Mwezi uliofuata akaegemea tena. Na uliofuata tena.

Nilipokwenda kumshukuru huyo jirani, mama mwenye nyumba aliacha kufagia.

"Jirani gani, mwanangu? Chumba kile ni kitupu. Nilinunua nyumba kikiwa na kufuli, na funguo sikupewa. Hakina hata dirisha."

Nikajiambia labda sauti inatoka nyumba ya nyuma. Binadamu akitaka kudanganyika, hakosi sababu.

Siku hiyohiyo mashabiki wakaanza kuniandikia. Mbona wimbo wa kwanza hauna mwimbaji? Nikaufungua kwenye simu. Gitaa lilikuwepo. Ngoma zilikuwepo. Sauti ya Zumari haikuwepo. Wimbo wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Nyimbo tatu zilikuwa zimetoka ukutani, na tatu zimebaki magofu.

Nilimkimbilia chumbani kwake.

"Kaka, niimbie ule wa bibi."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asiowahi kufika. "Wimbo gani wa bibi?"

Nilidhani ananitania. Nikataka kucheka. Ndipo nikausikia.

Wimbo wa bibi, wote, kuanzia ubeti wa kwanza. Sauti ya kaka yangu, na ule mkwaruzo wake mdogo mwishoni mwa mistari. Ulitoka nyuma ya ukuta. Na Zumari alikuwa amekaa mbele yangu, mdomo ameufunga.

"Tuondoke," nikamnong'oneza. "Sasa hivi. Acha kila kitu."

Akakataa. Yule alikuwa fundi, na fundi haachi kazi yake mikononi mwa mtu. Alisimama, akagonga ukuta kwa ngumi.

"Nirudishie!"

"Nirudishie," ukuta ukajibu. Kwa sauti yake.

Zumari alifungua mdomo aseme tena. Ulimi ulicheza. Koo lilipanda na kushuka. Hakikutoka kitu. Hata kwikwi ya kulia haikutoka, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Nilimshika mkono, tukatoka mbio.

Daktari alimmulika koo, akasema ni zima kama la mtoto. Hadi leo hajatamka neno. Ana kibanda cha kutengeneza simu, na wateja huwajibu kwa kuandika kwenye daftari. Mama mkubwa humsemesha vilevile kila asubuhi, kisha hunyamaza kidogo, kana kwamba amejibiwa. Ile miezi mitano iliyobaki haikupata nyimbo.

Lakini lipo moja ambalo sijamwambia.

Wiki ile ile sauti ilipopotea, nilirudi kuchukua vyombo vyake. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwita fundi wa vyuma kukata kufuli. Fundi alisukuma mlango, akarudi nyuma hatua mbili. Nikaingia mimi.

Chumba kilikuwa kitupu kweli. Vumbi lilikuwa nene sakafuni, bila unyayo hata mmoja. Nikamulika kwa simu ukuta tuliopakana nao.

Palikuwa na alama za sikio. Madoa ya mafuta, kama yanayoachwa na mtu anayeegemea mahali pamoja siku nyingi. Nilizihesabu. Nne.

La kwanza lilikuwa usawa wa goti langu, dogo kama la mtoto. La pili lilifika kiunoni, limekua kidogo. La tatu lilikuwa palepale alipoegemea kaka yangu upande wa pili, kimo kilekile.

La nne lilikuwa juu, chini kidogo ya dari, pana kama sahani. Nilileta ndoo ya mama mwenye nyumba, nikaipanda, nikaligusa kwa ncha ya kidole.

Lilikuwa na joto.