Elekea Milimani

Kila Jumamosi, kazi za kusafisha mtaa zikishamalizika na watu wamerudi makwao kunawa matope, Houda alikuwa na kazi nyingine iliyomngoja. Alikaa kwenye mlango wa karakana ya baba yake na kulinda vyerehani vya watu. Baba yake, mzee Massoudi, alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani vilivyoharibika, na karakana yake ilikuwa katika mtaa wa Asiatique, kati ya duka la vitambaa na duka la mabati. Baba akienda msikitini kwa sala ya alasiri, Houda ndiye aliyekuwa mkubwa wa karakana, na cheo hicho alikipenda sana.

Jumamosi hiyo alikuwa na jambo jingine kichwani. Mwalimu Elysée, anayewafundisha Kiswahili, aliwapa insha yenye swali moja: kwa nini mgeni aupende mji wa Bujumbura? Insha bora ingesomwa Jumatatu mbele ya shule nzima na mbele ya wageni kutoka mji mkuu, Gitega. Houda alikuwa na miaka kumi na miwili na aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mwaka uliopita aliyesoma alikuwa mwanafunzi mwenzake Orlane, na tangu siku hiyo Orlane hakumpa mtu nafasi ya kusahau.

Alikuwa ameshaandika juu ya ziwa na mchanga wake. Alikuwa ameandika juu ya samaki aina ya mukeke anayechomwa na kuliwa kwa vidole, na juu ya watu wanaokimbia wakiimba barabarani kila Jumapili asubuhi. Sasa alikuwa amefika kwenye watu wenyewe, na hapo maneno yalimjia vizuri mno. Aliandika: "Mgeni akipotea Bujumbura haonyeshwi njia kwa kidole. Anashikwa mkono hadi anakokwenda." Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akatabasamu peke yake, akaanza kutafuta nyingine ya kuifuata.

Hapo ndipo kivuli kilipoangukia daftari lake.

"Mutoto, jambo," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Nisaidie. Mabisi za kwenda Musaga ziko fasi gani?"

Houda hakuinua kichwa chake kilichofungwa kitambaa. Aliona tu viatu vya plastiki vya kijani vyenye matope, na upindo wa kitenge cha bluu. Njia ya kufika kwenye mabasi ya Musaga, mtaa wa juu mjini, aliijua. Unapanda hadi barabara kubwa, unapita msikiti, unanyoosha hadi kituo cha mafuta, kisha unauliza tena. Lakini maelezo hayo yalihitaji sentensi nne, na yeye alikuwa na nusu sentensi ya insha kichwani ambayo ingemtoroka.

"Elekea milimani tu, Bibi," alisema huku kalamu ikitembea. "Usikate kona. Utafika."

"Kwenye milima?"

"Ndiyo, milimani."

Bibi alimshukuru, na viatu vya kijani vikaondoka.

Kwa mtu wa Bujumbura jibu hilo halina kosa. Mji umelala kati ya milima na ziwa, kwa hiyo anayepanda anaelekea milimani na anayeshuka anaelekea ziwani, na hakuna anayesumbuka kutaja mashariki au magharibi. Houda alirudi kwenye insha yake na roho safi kabisa.

Baba alirudi kutoka msikitini, akaketi mbele ya cherehani kimoja na kuanza kukifungua. Saa kumi na nusu mwanamume kijana aliingia karakanani akihema, nguo zake za uashi zikiwa bado zina saruji. Alisema anaitwa Marcellin na anakaa Musaga.

"Mzee, niko natafuta mama mukwe wangu," alisema. "Anaitwa mama Odette. Ametoka Uvira, ni mara ya kwanza kufika hapa. Taksi ilimuacha kwenye hii kona, na mimi mvua ikanichelewesha. Simu yake ya Kongo haishike mtandao hapa."

Akaeleza kwamba mke wake alijifungua Alhamisi na bibi amekuja kumwona mjukuu. Amevaa kitenge cha bluu na viatu vya plastiki vya kijani, na amebeba mfuko mweusi. Yeye Marcellin alikuwa ametoka sasa hivi kwenye mabasi ya Musaga, na madereva wote walisema hawakumwona mtu wa namna hiyo.

Mzee Massoudi alisema pole, hakumwona. Kisha akageuka. "Houda, wewe ulikuwa mlangoni. Umemwona?"

"Apana, baba."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Kama angesema ndiyo, angeulizwa alimwelekeza vipi, na angelazimika kusema hakumtazama hata usoni. Marcellin aliacha nambari yake ya simu, akashukuru, akaondoka mbio kuelekea mtaa wa Buyenzi, mahali ambapo Houda alijua wazi kwamba bibi hakwenda.

Aliinama tena juu ya daftari, lakini kalamu ilikuwa nzito. Kutoka pale hadi kwenye mabasi ni mwendo wa dakika kumi na tano, ishirini kwa mzee. Bibi aliondoka saa tisa na nusu. Basi yuko wapi? Macho yake yaliangukia ile sentensi aliyoipenda, ya mgeni kushikwa mkono, na safari hii ilimtia aibu.

Alisimama akatoka nje kutazama ile njia aliyomwonyesha bibi. Kwa mara ya kwanza tangu mchana aliinua kichwa.

Milima haikuwepo. Mvua ya adhuhuri ilikuwa imeacha mawingu mazito juu ya vilima vyote vya Bujumbura, na mahali ilipokuwa milima palikuwa peupe tupu. Houda aligeuka taratibu upande wa pili. Kule chini, juu ya mapaa ya maduka, ng'ambo ya ziwa, milima ya Uvira ilikuwa imesimama wazi, imeoshwa na mvua, karibu kana kwamba unaweza kuifikia kwa miguu. Ni milima ambayo bibi yule aliiona kila asubuhi ya maisha yake. Alipoambiwa aelekee milimani, angeelekea ipi nyingine?

Houda alirudi ndani mbio.

"Baba, nilimwona. Aliniuliza njia, nikamwambia aelekee milimani. Nafikiri amekwenda ziwani."

Mzee Massoudi aliweka bisibisi chini. "Umeniambia hukumwona."

"Nilisema uongo, baba."

Hakumpiga, wala hakumkemea. Alitoka mlangoni, akalitazama jua lililokuwa limeshaanza kushuka upande wa Kongo, na uso wake ukabadilika. Kila mtoto wa Bujumbura anajua kinachotokea saa hizo. Viboko hutoka majini kwenda kula majani ufukweni, na kiboko hana simile na mtu anayemzibia njia ya kurudi majini. Baba alifunga mlango wa karakana, akampigia Marcellin simu huku akitembea, akamwambia tu aje ziwani upande wa bandari, na Houda akamfuata akikimbia nusu na kutembea nusu.

Karibu na ukuta wa bandari walimkuta mwanamke anayechoma mahindi. Walipomuuliza, alijibu kwamba mama wa viatu vya kijani amepita muda mrefu, naye alishangaa mtu wa umri ule anakwenda wapi kule kwenye majani. Kama bibi atapatwa na jambo, aliwaza, ni mimi. Hakuna mwingine, ni mimi.

Walimwona kutoka barabarani. Alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu kabisa na maji, mfuko mweusi mkononi, akiitazama milima ya kwao kama mtu aliyechoka kuuliza. Houda alitaka kumkimbilia, lakini baba alimkamata mkono kwa nguvu hadi akaumia.

"Tazama kwenye majani," alisema kwa sauti ya chini.

Kiboko alikuwa pale, mkubwa, mgongo wake mweusi unang'aa, anakula. Alikuwa kati yao na bibi, hatua kama thelathini tu kutoka kwenye lile jiwe. Bibi hakumwona kwa sababu alikuwa amempa mgongo, na yeye ndiye aliyekuwa kati ya mnyama na maji yake.

"Mama," baba aliita bila kupayuka. "Mama Odette, simama pole pole. Nenda kulia. Kulia."

Bibi aligeuka kuwatazama na hapo ndipo alipomwona mnyama. Alisimama. Akaanza kutembea, lakini akaelekea kwenye matete, kule majani yalikokuwa marefu na ambako pengine kulikuwa na viboko wengine. Baba alirudia, kulia, kulia, na bibi akazidi kwenda palepale. Kiboko aliacha kula na kuinua kichwa.

"Baba, hiyo ni kulia kwake," Houda alisema. "Ametugeukia."

Alifumba macho kwa nukta moja tu, akajiweka pale alipo bibi, amesimama na maji nyuma yake. Anaona nini? Ana nini mkononi?

"Bibi, simama kidogo, tugeukie," aliita. Sauti yake ilifika. "Umeshika mfuko. Upande wa huo mkono wa mfuko kuna ukuta mweupe una mlango wa bluu. Umeuona?"

Bibi aliangalia. "Nimeuona."

"Nenda kwenye mlango wa bluu. Usikimbie, usimtazame mnyama. Mimi niko natembea huku barabarani sawa na wewe. Nitazame mimi."

Bibi alianza kutembea. Houda naye alitembea barabarani hatua kwa hatua, mkono wake juu ili aonekane, na alihesabu kwa sauti kila hatua ya yule mama kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kiboko alipiga masikio, akasogea mbele, akasimama. Bibi alikuwa hatua kumi kutoka ukutani. Kisha mnyama alichukua mbio, moja kwa moja hadi majini, akapita juu ya lile jiwe alilokuwa amekalia bibi, na maji yakaruka juu.

Bibi Odette alifika kwenye mlango wa bluu akaushika kwa mikono miwili. Houda alimfikia, akamkumbatia kiunoni, akalia.

Marcellin aliteremka kwenye pikipiki ya kukodi dakika chache baadaye. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshukuru Mungu, akamshukuru mzee Massoudi, kisha akamshika Houda bega na kumwambia atawaeleza watu wote wa Musaga kuhusu msichana aliyemwokoa bibi. Halafu hasira ilimpanda.

"Lakini nani amekutuma huku, mama? Nani mwenye roho mbaya hivyo?"

"Kulikuwa katoto fulani, kanaandika," bibi alisema, bado akihema. "Uso sikuuona. Niliona tu kitambaa cha kichwa."

Houda alikuwa bado amekivaa kitambaa hicho, ila kilikuwa kimeteleza hadi shingoni kwa kukimbia. Hakuna aliyekuwa amekitambua. Baba yake alimtazama, na Houda alielewa kwamba hatamsaidia wala hatamsemea. Sifa zilikuwa zake zote. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Nilikuwa naandika insha, sikutaka kusumbuka. Na baba yangu aliponiuliza mbele ya kaka huyu kama nimekuona, nilisema apana. Nilisema uongo."

Marcellin alifungua mdomo, lakini bibi alimgusa mkono kumzuia. Bibi alimtazama Houda usoni, na Houda hakuinamisha kichwa, ingawa alitamani.

"Ulikuwa unaandika nini?" bibi aliuliza.

"Kwa nini mgeni aupende mji wetu."

Bibi alicheka kicheko kifupi. Kisha akawa mzito.

"Nikirudi Uvira wataniuliza, Bujumbura iko muji wa namna gani? Ziwa sitawaambia, hata sisi tuko nalo, ni lilelile. Samaki tunakula wale wale. Mi nitawaambia juu ya watu. Ungenyamaza saa hii, ningesema ni muji wanatupa wageni kwa viboko. Sasa nitasema kuna mutoto alinipoteza, akarudi kunitafuta, na alipoona wanamusifu akasema, ni mimi."

Mzee Massoudi alimfunga binti yake kitambaa vizuri kichwani.

"Mwanangu, mgeni haoni unachokiona wewe," alisema. "Wewe ukisema milima, yeye anaona milima ya kwao. Ukitaka kumwelekeza mtu, inua uso umtazame, kisha simama kwanza pale alipo yeye. Leo umefanya hivyo mara moja, pale kwenye ukuta, na imetosha kumwokoa. Ungefanya hivyo tangu mchana, tusingefika huku. Na ukikosea, sema mapema. Uongo wako ulimpeleka kaka huyu Buyenzi wakati mama yake yuko ziwani."

Houda alisema amesikia, na alikuwa amesikia kweli. Aliomba msamaha kwa Marcellin, akamwomba baba ruhusa ya kuwasindikiza wageni, kisha akapokea mfuko mweusi uliokuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Kwenye bisi tu?" Marcellin aliuliza, na sasa alikuwa anatabasamu kidogo.

"Apana," alisema bibi, akimpa Houda mkono wake. "Huyu ananifikisha mpaka kwa mujukuu."

Wakapanda pamoja kuelekea barabara kubwa. Penye kila kona Houda alisimama, akamwonyesha bibi kitu cha kukumbuka, na akangoja hadi bibi aseme amekiona.