Mshirika wa Kumi na Mbili

Walikuwa kumi na mmoja. Fundi alikuwa na hakika, maana aliwaingiza mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgongo ukamuuma. Kampuni kumi na moja za matangazo, zile zinazokuandama mtandaoni: ukitazama pazia leo, kesho pazia hilohilo linakukodolea macho kila unapofungua simu. Sheria ilitaka duka la mapazia, mteja wa ofisi yao, liwaombe ruhusa wanaotembelea tovuti yake kabla ya kuwakabidhi kwa kampuni hizo. Kazi ya Fundi ilikuwa kutengeneza kile kisanduku kinachochomoza chini ya skrini kuomba ruhusa. Sasa, Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, aliifungua orodha ya washirika akakuta mistari kumi na miwili. Ule wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Nani kagusa orodha yangu?" aliuliza.

Bosi hakuinua hata macho. "Nani ana muda wa kugusa orodha yako? Watu tisini na sita kwa mia wamekubali. Wewe dada ni moto wa kuotea mbali!"

Sifa hizo hazikuja hivihivi. Kitufe cha "Nakubali" Fundi alikifanya kikubwa, cha kijani, kinachomwita mtu. Cha "Nakataa" alikizika ndani ya kurasa tatu, maandishi ya kijivu juu ya kijivu, hata mwenye macho mazuri akikitafuta atakata tamaa. Bosi ndiye aliyetaka hivyo. Siku ya kwanza Fundi alinung'unika, siku ya pili akafanya, na tusidanganyane, alifanya kwa ufundi wake wote.

Akaufuta ule mstari mtupu. Aliinamia kikombe, alipoinua macho umerudi. Chai nayo ilinuka vibaya, harufu ya nywele mbichi zilizofungiwa mfukoni siku nyingi. Akaimwaga yote, akayalaumu maziwa.

Nyumbani waliishi wawili tu, yeye na binti yake wa miaka saba, Kijino, aliyepachikwa jina hilo tangu meno ya mbele yang'oke likabaki moja limesimama kama mlinzi wa geti. Mtoto wa vicheko, huyo! Akicheka, jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio. Jioni ile, akiwa anavuliwa sare, alisema, "Mama, nataka viatu vyekundu vya kung'aa."

"Tutaona," Fundi akajibu, jibu la mama yeyote aliyechoka.

Asubuhi viatu vilikuwa chini ya kitanda. Vyekundu, vya kung'aa, kipimo chake barabara, na vimelowa chapachapa. Ndani ya kimoja mlikuwa na soksi ya mtoto mwingine.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Kaleta yule anayekaa na sisi."

"Nani anakaa na sisi, Kijino?"

Mtoto akashusha sauti. "Yule anayesikiliza. Mama, usiseme kwa nguvu."

Fundi alivifunga kwenye mfuko akaenda kuvitupa jalalani mtaa wa pili. Alijiambia ni jirani, ni mzaha, ni watoto wa shuleni. Mtu akiogopa hukosa kitu gani cha kujiambia?

Jumatano alirudi nyumbani mchana kuchukua chaja aliyoisahau. Kijino alikuwa shuleni. Akapanda ngazi, jua linawaka dirishani, redio ya jirani inaimba, na alipofika mlangoni akasikia mtoto wake anacheka jikoni, kile kicheko chake cha kukatika pumzi, kinaanza, kinakatika, kinaanza tena palepale kilipoanzia, hakipungui hakizidi, na ile harufu ya nywele mbichi ikapenya chini ya mlango ikamzunguka miguu, naye amesimama ufunguo mkononi, hathubutu kuutia kwenye kitasa wala hathubutu kushuka, mpaka alipokumbuka kwamba ana simu. Akampigia mwalimu.

"Yupo darasani," mwalimu alisema. "Ila leo ana nini? Wenzake wanamtekenya, hacheki. Ananitazama tu."

Alhamisi Kijino aliamka hana sauti. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu, machozi yakamtiririka. Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima. Ijumaa mtoto akaanza kutembea bila kishindo, hata akiruka sakafuni hasikiki. Fundi hakumpeleka shule. Akamshika mkono, akaenda naye ofisini, maana nyumba ilikuwa imemshinda.

Pale akaifungua orodha. Mstari wa kumi na mbili haukuwa mtupu tena. Kila mshirika hutakiwa kuandika anachokusanya kwa mtu, na huyu naye alikuwa ameandika, kwa utaratibu kabisa: *Kicheko. Sauti. Nyayo.* Na chini yake: *Kilichobaki: mwenyewe.*

Akabonyeza "Soma zaidi", pale panapotakiwa kuwa na maelezo ya mwanasheria, akakutana na maneno yake mwenyewe.

Lo! Alikuwa ameyasahau kabisa. Wakati anatengeneza kisanduku, mwanasheria alikuwa bado hajaleta maandishi, na mafundi wa tovuti wana mazoea yao: pakiwa patupu, andika chochote kwanza, utabadilisha baadaye. Naye kwa utani wa mchana ule wa joto akaandika: *Uingie, ukae nami, ujue nikipendacho, uchukue ukitakacho.* Baadaye hiyo haikufika. Tovuti ilifunguliwa hivyohivyo. Na siku ya majaribio, alipohitaji kifaa kipya cha kujaribia, alichukua tableti ya Kijino aliyekuwa ametoka shule, akamwambia, "Bonyeza hapo kwenye kijani, mwanangu." Mtoto wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali.

Ghorofa ya chini ya jengo lile alikuwepo mshonaji waliyemwita Mama Cherehani. Watu walimletea vitambaa kwa sauti ya kawaida, na mambo mengine kwa kunong'ona. Fundi alishuka amembeba Kijino, tableti ya mtoto kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesawijika hivyo?" Mama Cherehani alimtazama mtoto, akanusa, akasimamisha mashine. "Funga mlango. Nani alimkaribisha huyo?"

Fundi akaeleza yote, akilia. Yule mama alisikiliza, pini mdomoni.

"Mimi simtoi," alisema mwishowe. "Angeingia kwa nguvu, ningemtoa kwa nguvu. Huyu kaomba, kapewa. Ruhusa aliyoitoa mtoto ataiondoa mtoto, kwa mkono wake. Mlimwekea pa kukatalia?"

Fundi aliinamisha uso kwenye nywele za mtoto.

"Nakuuliza wewe! Mliweka?"

"Tuliweka kitufe, mama. Tulikificha."

Mama Cherehani alizitema pini. "Basi kitafute," akasema, "na ufanye haraka. Anakuja."

Na kweli alikuwa anakuja. Koridoni zilisikika nyayo, nyepesi, za mtoto anayerukaruka, nyayo ambazo Fundi angezitambua hata usingizini, na mwenye nyayo alikuwa mapajani mwake, miguu inaning'inia. Akafungua tovuti kwenye tableti, akafungua ukurasa wa kwanza, akateremka, akateremka, akapita pale panapotakiwa akalazimika kurudi, vidole vina jasho, skrini haishiki, akalaani kijivu chake juu ya kijivu chake, na huko nje nyayo zikafika mlangoni zikatulia, na sauti ya Kijino, nzuri, ya adabu, ikasema, "Hodi."

"Asiitikie mtu!" Mama Cherehani alinong'ona.

"Hodi, mama. Mbona umenifungia?"

Ukurasa wa tatu. Fundi alikuwa amekitengeneza mwenyewe na hakukiona. Ni Kijino aliyekiona, mtoto ana macho mapya. Alikielekeza kidole, akamtazama mama yake kama anayeomba ruhusa.

"Bonyeza, mwanangu. Nisamehe. Bonyeza."

Akabonyeza. Kitasa kilichokuwa kinazunguka kikaacha. Harufu ikatoka taratibu, na Kijino akavuta pumzi ndefu, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama, nina njaa." Fundi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Mama Cherehani akamtekenya ubavuni, naye akacheka, mashine ikatetemeka juu ya meza.

Fundi alipanda ofisini mbio. Bila kumuuliza Bosi alifuta yale maneno, akakitoa "Nakataa" kwenye kaburi lake, akakiweka kando ya "Nakubali", ukubwa mmoja, kijani kimoja. Bosi akapiga kelele kuhusu asilimia. Hakumjibu. Alikuwa anafikiria wale wengine elfu nne waliokwisha kubali, na namna ya kuwafikia, simu yake ilipoita.

Alikuwa mama yake, aliyeishi peke yake mji mwingine, safari ya siku nzima. Wiki iliyopita Fundi alimtumia ile tovuti kwa majivuno: mama, fungua uone kazi ya mwanao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa wewe, unamtuma mtoto safari yote hiyo hata huniambii?"

Fundi alimtazama Kijino, aliyekuwa ameketi juu ya meza anakula ndizi. "Mtoto gani, mama?"

"Mtoto gani tena! Mjukuu wangu. Kapiga hodi sasa hivi, nimemfungulia. Yuko jikoni anacheka peke yake. Ila viatu vyake vyekundu vimelowa, nitamvua nivianike."

Nyuma ya sauti yake kilisikika kicheko cha kukatika pumzi. Kilianza, kikakatika, kikaanza tena palepale.

"Mama, nisikilize. Usiende jikoni. Kile kisanduku cha kwenye tovuti, unakumbuka ulibonyeza nini?"

"Si nilibonyeza pale pa kijani," mama yake akasema. "Kwani palikuwa na pengine? Mimi sikuona."