Maji ya Deli

Kila jioni, mama yake Shamsa aliporudi nyumbani Butimba kutoka kuuza samaki, Shamsa alikuwa na kazi moja: kuchota maji ya barafu iliyoyeyuka ndani ya deli, sanduku la kutunzia sangara wa biashara, na kuyamwaga migombani. Kazi hiyo aliidharau. Shamsa alidharau karibu kila kitu kisichokuwa Shamsa.

Migomba ilikuwa mbali. Bwawa la sato, waliofugwa kwa ajili ya harusi ya kaka yake Lukman, lilikuwa karibu na mlango. Basi malkia wetu akawa anamwaga maji bwawani, mama akiwa jikoni.

Shuleni, mwalimu Venant alifundisha juu ya bahari za baridi. "Barafu ya milimani hubeba vumbi la mawe," alisema. "Ikiyeyuka, maji yake hupeleka virutubisho baharini, na vimea vidogo vya kijani hustawi. Samaki hupata chakula. Lakini virutubisho vikizidi mahali padogo, vimea hujaa, na usiku hewa huwaishia samaki."

Shamsa alikunja pua. "Barafu ya huko inatuhusu nini sisi wa Mwanza?" alimnong'oneza Selina, jirani yao wa nyumbani, aliyewalisha wale sato kila asubuhi. "Wewe kawape samaki pumba. Hiyo ndiyo elimu yako."

Siku zilipita, maji ya bwawa yakawa ya kijani kama kisamvu. Wiki ya harusi, alfajiri, mama alikuta sato wamejazana juu wakihema, wengine wameshakufa. Alishika kichwa. Wageni wangekula nini?

"Ni Selina," Shamsa alisema bila kupepesa macho. "Anawamwagia pumba ovyo."

Selina aliingia na kopo lake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Selina, umewazidishia chakula?"

"Hapana, mama. Nawapa kama ulivyonielekeza."

"Mwongo huyo. Usimruhusu tena hapa," alisema Shamsa.

Selina aliinamisha kichwa, machozi yakimlenga. Mama aliinama ukingoni, akaokota gamba kubwa. Akalitazama, kisha akamtazama binti yake.

"Hili ni gamba la sangara. Bwawani mwangu hakuna sangara. Huyu alikuja kwa miguu?"

Shamsa alijitetea. "Yalikuwa maji tu, mama. Maji ya barafu."

"Maji tu? Barafu imelala na samaki kutwa nzima, imejaa damu na utelezi wao, halafu unaniambia maji tu!"

"Mwalimu alisema virutubisho vikizidi hewa huisha," alisema Selina taratibu. "Tuyapunguze haya, tuweke maji safi."

Shamsa alichota ndoo baada ya ndoo mpaka mabega yakamuuma. Selina alimsaidia, ingawa hakuna aliyemwomba. Kufikia jioni sato waliobaki walikuwa wamezama chini, wakiogelea vizuri. Wangetosha harusi.

"Nisamehe, Selina," Shamsa alisema, safari hii bila kukunja pua.

"Nimekusamehe. Ila kesho nawalisha mimi."

Mama aliweka gamba kwenye kiganja cha Shamsa. "Mdharau mwiba mguu huota tende. Ulidharau kazi, ukadharau somo, ukamdharau mwenzako. Uongo ni barafu, mwanangu. Utayeyuka tu, na magamba yatabaki. Sasa nenda, deli la leo linakungoja."

Shamsa alijitwika ndoo, akalipita bwawa, akaenda mpaka migombani.