Zamu ya Mnarani

Jioni ile Bi Taa aliingia mnarani na kopo la mafuta mkono mmoja, kitambaa cha kufutia vioo mkono wa pili, akafunga komeo kwa ndani kama kawaida. Jina hilo alipewa na watu wa gatini kwa utani, tangu arithi kazi ya marehemu baba yake miezi miwili nyuma. Walidai hatamaliza wiki. Aliwaambia waanze kuhesabu.

Mnara ulikuwa mkongwe kuliko gati lenyewe. Ngazi tisini na moja za mawe zilipanda kwa kuzunguka, na katikati ulining'inia uzito wa chuma. Mtunza taa huupandisha kwa mpini. Ukishuka polepole, huzungusha vioo vya taa kule juu. Baba alimwachia kazi hiyo pamoja na desturi yake. Anayepanda huuliza kutoka chini, "Zamu ya nani?" Aliye juu akijibu "Yako," unapanda. Akijibu "Yangu," unarudi ulikotoka, hakuna ubishi.

Tangu baba afariki hakukuwa na wa kumuuliza. Lakini jioni ile akili ya Bi Taa ilikuwa ziwani. Mdogo wake alikuwa kwenye boti ya mwisho na mtoto wa wiki tatu, ukungu umeshatanda, na mbele ya mnara kuna miamba. Mazoea yakamponyoka mdomoni.

"Zamu ya nani?"

Kutoka juu kabisa...

"Yangu."

Haikuwa sauti ya baba yake.

Harufu ikamshukia, harufu ya utambi uliozimwa kwa maji. Aliogopa, tena sana. Akakumbuka alivyosimuliwa na baba: mtunza taa wa kwanza aliugua huko juu, na wa kumpokea akakataa kupanda. Siku ya tatu walimkuta ameketi, amekufa, amelowa kwa mvua, taa imezimika, na boti imepasuka miambani. Wengi waliiona hadithi ya kutishia watoto. Baba aliisimulia bila kucheka.

Honi ya boti ikalia ukunguni. Ilikuwa inatafuta taa.

Desturi ilimtaka arudi. Bi Taa akapanda.

Hamsini... Sitini... Baridi ikamgusa shingo. Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani, tone moja moja.

"Yangu," ikanong'ona sikioni.

"Zamu gani hiyo isiyo na taa?" Hasira ya Bi Taa ilikuwa imeshaipita hofu. "Walikutupa, Mzee, najua. Walikosea. Ila mtoto wetu yuko majini, na yeye hajakukosea kitu. Nimekuja kukupokea. Shuka ukapumzike."

Akajibana ukutani, macho wazi.

Kitu kikampita. Hakukiona. Alisikia nyayo zilizolowa zikishuka, ngazi kwa ngazi, hadi zikanyamaza.

Alikimbia hadi juu, akawasha taa, akazungusha mpini mpaka viganja vikamchubuka. Mwanga ukaufagia ukungu. Honi ikalia tena, safari hii upande wa gati, na Bi Taa akalia kwa furaha kama mtoto.

Ndipo alipokumbuka komeo. Hakusikia likifunguliwa.

Alishuka akihesabu kwa sauti ili asiisikie hofu yake. Chini hapakuwa na mtu. Maji yalichirizika sakafuni mpaka mlangoni, na komeo lilikuwa vilevile alivyoliacha. Akaufungua mlango wote.

"Njia hii hapa, Mzee. Ukitaka kubaki, shauri yako. Lakini kazi ni yangu."

Akaenda zake gatini kumbeba mtoto.

Jioni iliyofuata alipanda bila kuuliza kitu. Alikuta vioo vimeshafutwa. Uzito ulikuwa umepandishwa hadi mwisho, na mpini umelowa.

Nywele zilimsimama. Akauteremsha uzito wote hadi chini, akaukausha mpini kwa kitambaa chake, akaanza kuupandisha upya.

Kule chini, ngazi ya kwanza ikalia kwa unyayo uliolowa.

"Zamu ya nani?"

Bi Taa hakuacha kuzungusha.

"Yangu," akajibu.